Kwa Nini Motokaa za Kwanza Zilitetemeka?

Fikiri kwamba lori limefika Piyaya kutoka Loliondo. Njiani lilikuwa likirukaruka, na abiria wote walilaumu mashimo na mawe. Sasa lori limesimama, lakini dereva hajazima injini. Mwombe ruhusa, kisha weka kikombe cha maji juu ya kiti. Yatazame maji. Yanafanya viwimbi vidogo vidogo! Hapa hakuna shimo wala jiwe la kulaumiwa. Mtetemo huo unatoka katika injini yenyewe.

Mafundi waliotengeneza motokaa za kwanza walisumbuliwa sana na jambo hili. Motokaa ambayo Karl Benz wa Ujerumani aliisajili kuwa uvumbuzi wake mwaka 1886 ilikuwa na silinda moja tu. Ndani ya silinda hiyo pistoni ilikwenda na kurudi, ikauzungusha mhimili wa injini kiasi cha mara 400 kwa dakika. Lakini mafuta yaliwaka mara moja tu katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo pistoni ilisukumwa mara 200 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya mara 3 kwa sekunde. Gurudumu kubwa, zito, lilifungwa kwenye mhimili ili mwendo usikatike kati ya msukumo mmoja na mwingine. Lilisaidia, ila halikumaliza mtetemo. Kwa nini?

Tufanye jaribio. Simama wima, miguu pamoja, mbali na wenzako. Shika jiwe zito kiasi kwa mkono wa kulia. Nyosha mkono upande wa kulia kwa haraka, kisha urudishe kifuani. Rudia mara 10 bila kupumzika. Je, mwili wako umetulia? La, unayumba. Kila unapolisukuma jiwe kulia, nalo linakusukuma kushoto. Vivyo hivyo pistoni huisukuma injini, na injini hulitikisa gari zima. Nati hulegea, na mabomba huweza kupasuka.

Sasa shika mawe mawili yenye uzito sawa, moja kila mkono. Nyosha mikono yote kwa pamoja, mmoja kulia na mwingine kushoto, kisha irudishe kwa pamoja. Mwili hauyumbi kama kwanza. Mwaka 1896 Benz alibuni injini ya namna hiyo. Silinda zake mbili zililazwa pande mbili za mhimili. Pistoni zilikwenda nje kwa wakati mmoja, zikarudi ndani kwa wakati mmoja, na mtetemo ukapungua.

Kazi ya kufanya: Rudia jaribio ukiwa na jiwe kubwa mkono mmoja na dogo mkono wa pili. Mwili wako unayumba kuelekea upande gani unaponyosha mikono? Eleza sababu.