Tiara Angani, Mayai Mchangani

Kuanzia Novemba hadi Machi, upepo wa kusini-mashariki huivumia Cape Town kwa kishindo. Wakazi wengi huulalamikia. Wachezaji wa kaiti huufuata kwa ndege kutoka Ujerumani, Uholanzi na Uingereza wakiikimbia baridi ya kwao, na ikifika alasiri anga la Bloubergstrand, mkabala na Mlima Meza, huwa limejaa tiara kubwa za rangi, kila moja ikimvuta mtu aliyesimama juu ya ubao.

Miezi hiyohiyo, hatua chache juu ya alama ya maji makuu, ndege mweusi tii mwenye mdomo mrefu mwekundu huwa ameatamia. Wataalamu humwita Haematopus moquini. Hula kome na konokono wa mwambani, na huzaliana katika pwani za Namibia na Afrika Kusini tu. Kiota chake ni kishimo kifupi mchangani au penye kokoto. Kwa kawaida hutaga mayai mawili, huyaatamia kwa takriban mwezi mmoja, kisha makinda huhitaji siku kama 40 kabla ya kuruka. Jumla yake ni kama siku 70 za kukaa wazi ufukoni, na siku hizo huangukia likizo ya Krismasi, wakati upepo umepamba moto na ufuo umefurika watu.

Mchezo wenyewe bado ni mchanga. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya tiara ya kujazwa hewa mwaka 1984, lakini mambo hayakuchangamka hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2024 kaiti ilichezwa kwenye Olimpiki ya Paris, mashindano yakifanyika Marseille. Ndani ya muda huo mfupi imefika karibu kila pwani yenye upepo wa kutegemewa. Mchezaji hutafuta ufuo mpana, tambarare, usio na miti ya kumnasia kamba. Ndege wa pwani naye hutaka ufuo wa namna hiyohiyo, kwa kuwa anayelalia mayai yasiyo na boma sharti amwone adui angali mbali.

Je, kaiti ina tofauti gani na mtu anayejitembelea tu? Kubwa, kumbe. Watafiti wamemfuatilia kitwitwi mwenye paji jeupe, Charadrius marginatus, katika fuo za karibu na Cape Town, wakakuta kwamba ndege wa ufuo unaotembelewa sana humwachia mtu asogee karibu zaidi kabla ya kuondoka kiotani kuliko wenzao wa ufuo mtulivu. Watu wa miguu wanazoeleka. Lakini kaiti hutokea juu, hupinda ghafla, hushuka kwa kasi na kutupa kivuli chake mchangani. Utafiti uliofanywa jimboni Massachusetts, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kitwitwi wa huko, Charadrius melodus, huvumilia tiara kidogo kuliko anavyovumilia watembea kwa miguu, mbwa na hata magari. Wanabiolojia wanadhani huenda huiona kama mwewe au kipanga.

Kutokana na hayo, maelekezo ya idara ya wanyamapori ya Marekani ya mwaka 1994 yalitaka tiara isirushwe ndani ya mita 200 kutoka kwa ndege huyo aliye kwenye eneo lake la kuzalia, au makinda yasiyoweza kuruka, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Agosti. Tiara zilizokuwa zikifikiriwa wakati ule zilikuwa za kuchezea mkononi, za watoto na baba zao. Kaiti ya leo ina eneo la mita za mraba 7 hadi 15 na kamba zenye urefu wa zaidi ya mita 20. Kama ile ndogo ilihitaji mita 200, sioni jinsi mtu anavyoweza kudai kwamba hii kubwa inahitaji pungufu.

Ndege akishaondoka kiotani, mambo mawili hufanya kazi kwa pamoja. La kwanza ni jua. Kiinitete hukua vyema kwenye joto la nyuzi 38 hivi, wakati mchanga wa adhuhuri unaweza kuzidi 50, na mara nyingi mzazi hukaa juu ya mayai ili kuyatilia kivuli zaidi ya kuyapa joto. Kitwitwi wa paji jeupe ana ujanja wake: kabla ya kukimbia huyafukia mayai mchanga kwa haraka, yasipigwe na jua wala kuonekana. Ujanja huo unamsaidia dhidi ya kunguru. Dhidi ya mguu wa binadamu unamponza, maana yai lililofukiwa halionekani hata na mtu mwenye nia njema.

Hatari ya kukanyagwa imewahi kupimwa. Katika ufuo wa Sands, kwenye hifadhi ya Coal Oil Point huko Santa Barbara, California, vitwitwi wa theluji walikuwa wakipumzika lakini hawakuwa wakizaa tena. Kevin Lafferty na wenzake waliweka mayai ya kware mchangani kama chambo cha utafiti, wakakuta kwamba mahali watu wanapopita bila kuzuiwa kila kiota kilikabiliwa na uwezekano wa asilimia 8 kwa siku wa kukanyagwa. Asilimia 8 inaonekana ndogo. Lakini irudie kwa siku 28 za kuatamia, na kati ya viota 100 vitabaki kama 10, kabla hata kunguru na mawimbi hawajachukua fungu lao.

Kilichofanyika Sands kinastahili kuelezwa taratibu. Mwaka 2001 sehemu ya juu ya ufuo ilizungushiwa kamba, na watu wa kujitolea wakawekwa pale kuwaeleza wapita njia kuna nini nyuma yake. Ufuo haukufungwa: watu waliendelea kutembea na kucheza upande wa maji. Usumbufu ulipungua kwa zaidi ya nusu. Vitwitwi walianza kuzaa tena, wakaongezeka mwaka hadi mwaka, na makinda mengi yakafikia kuruka. Tena, ndege waliokuwa nje ya kamba asubuhi walihamia ndani kadiri watu walivyozidi kufika. Hakuna aliyewafundisha maana ya kamba. Waliona tu upande upi hauna bughudha.

Kamba hiyo, hata hivyo, ina udhaifu mmoja ambao wapangaji wengi huusahau. Makinda ya vitwitwi hayalishwi kiotani. Saa chache baada ya kuanguliwa hutoka yakajitafutia wadudu, na yanaweza kutembea mamia ya mita kwenye mstari wa mwani mkavu uliotupwa na maji. Mayai yana anwani, makinda hayana. Ndiyo maana hifadhi ya Cape Hatteras, North Carolina, iliweka umbali wa mita 1,000 kati ya magari na makinda ya Charadrius melodus, na ndiyo maana watu wakachukia. Mashirika ya uhifadhi yalifungua kesi mwaka 2007, maafikiano ya mahakamani yakapatikana 2008, mpango kamili wa magari ukatoka 2012, kisha mwaka 2014 Bunge la Marekani likaagiza umbali huo upitiwe upya. Wavuvi wa ndoano waliozoea kuendesha hadi ncha ya mchanga waliona wameporwa pwani ya babu zao. Wachezaji wa kaiti waliumia kidogo kuliko wao, kwa sababu ya jiografia tu: wengi wao huingilia upande wa pili wa kisiwa, kwenye maji mafupi ya ghuba ya Pamlico, si kwenye fuo za bahari kuu.

Matokeo ya subira yapo. Mwaka 1986 pwani ya Atlantiki ilikuwa na jozi 790 hivi za Charadrius melodus. Sasa zimezidi 2,000. Massachusetts peke yake, iliyokuwa na pungufu ya jozi 150, imevuka 1,000.

Afrika Kusini nayo ilichukua hatua iliyowaudhi wengi ilipopiga marufuku, Desemba 2001, magari ya starehe kwenye fuo zake. Yule ndege mweusi mwenye mdomo mwekundu, aliyekadiriwa kutofika 5,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980, sasa anakadiriwa kuzidi 6,000. Sifa zote haziendi kwa sheria. Kome mgeni kutoka Mediterania alitapakaa kwenye miamba ya pwani ya magharibi na kumwongezea ndege chakula. Marehemu Phil Hockey wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyemtafiti ndege huyo kwa miaka mingi, aliyafuatilia yote mawili. Chakula kiliongezeka, lakini ni utulivu wa ufuo uliowezesha makinda kukua.

Lago la Langebaan, kaskazini ya Cape Town, ni mahali pa kujifunza. Ni kituo mashuhuri cha kaiti na papo hapo ni ardhi oevu ya Ramsar tangu 1988, inayopokea maelfu ya ndege wahamiaji kutoka Siberia. Maji yake yamegawanywa kanda tatu: ya kwanza inaruhusu hata boti za injini, ya pili haina injini, ya tatu haiingii mtu. Mgawanyo huo unaeleweka hata na mgeni aliyefika jana, na hilo ni muhimu, kwa sababu mgeni aliyefika jana ndiye tatizo kubwa.

Tumtazame huyo mgeni. Mchezaji hodari aliye mita mia kadhaa baharini hana ugomvi mkubwa na kiota. Ugomvi huanza nchi kavu: mahali pa kupulizia kaiti, pa kuirusha, pa kuishusha. Mwanafunzi ndiye hatari zaidi, kwa kuwa hajui bado kupanda upepo. Upepo humsukuma, humtupa ufukoni mbali na alikoanzia, naye hurudi kwa miguu, kaiti ikiwa bado juu ya kichwa chake, akipita kilometa nzima ya mchanga mkavu. Anafanya hivyo mara tano au sita kwa siku. Kwa hiyo mpaka uliochorwa kama duara la mita 200 kuzunguka kiota hautoshi. Mpaka ufuate upepo: shule iwe upande wa chini ya upepo kutoka kwenye viota, ili anayesukumwa asukumwe kuviacha, si kuviendea.

Hapa ndipo habari inapofika pwani ya Afrika Mashariki: Paje, Diani, Watamu na Mambrui. Kwetu upepo hugeuka. Kwenye ufuo unaoelekea mashariki kama Paje, kaskazi humsukuma mwanafunzi kusini, na kusi humsukuma kaskazini. Ufuo uliokuwa salama Januari unaweza kuwa njia ya kurudia kwa miguu ifikapo Julai. Mpaka mmoja wa mwaka mzima, ulionakiliwa kutoka Ulaya, hautafaa. Inahitajika mipaka miwili inayobadilishwa pamoja na msimu.

Na ndege wapo. Kitwitwi wa paji jeupe hutaga kwenye fuo za mchanga za Kenya na Tanzania pia. Kwenye hori la Mida, Watamu, hukusanyika ndege mla kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene. Huyu hazai kwetu: huzaa kati ya Aprili na Agosti katika visiwa vya Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, akichimba shimo refu mchangani na kuliachia joto la ardhi limsaidie kuangua yai lake moja. Mtu akikanyaga juu ya mashimo hayo, huporomoka. Kisiwa cha Masirah, Oman, hupata upepo wake mkali katika miezi hiyohiyo ya kiangazi, na wachezaji wa kaiti wamekwisha kuugundua.

Pwani yetu ina mzigo mwingine: kunguru wa Zanzibar, anayeshiba mabaki ya mikahawa ya ufukoni. Kila banda jipya la kaiti huja na jiko, jiko huja na jaa, jaa huja na kunguru. Mzazi akishtushwa na kaiti kwa dakika mbili tu, kunguru huyo hahitaji ya tatu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Inazuia banda, haizuii kaiti inayokunjwa jioni na kubebwa begani. Pengo hilo litazibwa na makubaliano ya mahali penyewe, na Paje, Zanzibar, wana mfano wa kuanzia: wakulima wa mwani na wachezaji wa kaiti wamelazimika kugawana lago moja, vigingi vya mwani upande huu, mbao upande ule, kwa mivutano na mazungumzo. Ndege hana mwakilishi katika kikao cha namna hiyo, kwa hiyo wengine wamsemee.

Wenye shule za kaiti waanze wao. Kabla ya kusogeza kituo mahali papya, watembee alfajiri kwenye mchanga wa juu pamoja na mtu anayewajua ndege, msimu wa kaskazi na msimu wa kusi, waweke alama walipoona kiota au makinda, kisha wachore njia ya mwanafunzi ya kurudi kwa miguu iwe kwenye mchanga mbichi wa maji kupwa. Kamba, vigingi na ubao wa maandishi ya Kiswahili havizidi bei ya kaiti moja iliyotumika.