Je, Wajua? Zege Huchemka Ndani kwa Ndani

Je, wajua kwamba zege haligandi kwa kukauka? Saruji ikikutana na maji, huanza mmenyuko wa kikemikali unaotoa joto. Kwenye sakafu ya nyumba, joto hilo hupotea hewani bila mtu kulitambua.

Boriti ya daraja la reli ni habari nyingine. Saruji yake ni nyingi, mara nyingi zaidi ya kilo 400 kwa mita moja ya ujazo, na miisho yake, panapofungwa nyaya za kuikaza, ni minene. Humo ndani joto laweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi huku uso wa nje ukipigwa na upepo wa usiku. Tofauti ikizidi nyuzi 20 hivi, nyufa huanza kunyemelea.

Ndiyo maana mafundi hutia barafu kwenye maji ya kuchanganyia, huweka kokoto kivulini, na sehemu ya saruji huibadilisha kwa majivu ya makaa ya mawe. Kisha, jambo linaloshangaza wengi, boriti yenye joto hufunikwa blanketi. Kuimwagia maji baridi ni kuipoza nje tu, na tofauti huzidi!

Kosa la joto hujua kujificha. Huko Ujerumani na Ufini, mataruma ya zege ya njia za reli, yaliyokomazwa kwa mvuke wa moto kupita kiasi yalivimba na kupasuka baada ya miaka kadhaa kazini. Leo kanuni nyingi za ujenzi huweka kikomo cha joto la ndani ya zege karibu na nyuzi 70.