Karo Lisilojaa: Namna ya Kuchagua Mfumo wa Majitaka Unaofaa Nyumba Yako

Fundi anaposifiwa mtaani kwa ujenzi wa makaro ya choo, sifa inayotajwa kwanza ni kwamba makaro yake hayajai. Nyumba ina watu wanane, choo ni cha maji, miaka kumi imepita, na gari la kunyonya majitaka halijaitwa hata mara moja. Mwenye nyumba hujiona amepata kazi bora. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba mara nyingi sifa hiyo ni dalili ya kasoro. Kisichobaki ndani ya karo kimekwenda mahali pengine, na huenda mahali penyewe ni kisima cha jirani.

Kazi ya karo na mipaka yake

Karo lililojengwa kwa usahihi, yaani tangi la septiki, ni chombo kisichovuja, chenye sakafu ya zege na kuta zilizopigwa plasta, na aghalabu lina vyumba viwili. Majitaka yakiingia hutulia. Vitu vizito huzama na kuwa tope. Mafuta na vitu vyepesi huelea na kufanya utando. Maji ya katikati hupita hadi chumba cha pili, kisha hutoka kwa bomba lenye umbo la herufi T linalozuia utando usifuate. Bakteria wasiohitaji oksijeni humeng'enya sehemu ya tope, lakini si lote. Kwa hiyo karo zuri hujaa tope polepole, na tope hilo sharti liondolewe, kwa kawaida kila baada ya miaka 2 hadi 5.

Maji yanayotoka hapo si safi. Bado yanaweza kubeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A. Kazi ya kuyasafisha hufanywa na udongo: yanapopenya taratibu katika udongo ulio juu ya maji ya ardhini, vimelea huchujwa, hunaswa na kufa. Karo, basi, ni nusu ya mfumo. Nusu ya pili ni ardhi yenyewe. Shimo refu lisilo na sakafu huipuuza nusu hiyo, kwa kuwa hupeleka tope na maji karibu kabisa na maji ya ardhini.

Tiba imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1854, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika eneo la Broad Street, London, na Dkt. John Snow alikihusisha na kisima kimoja cha pampu. Uchunguzi uliofuata uligundua kwamba shimo la majitaka la nyumba namba 40, ambamo mtoto mchanga alikuwa ameugua kuhara, lilikuwa na matofali yaliyolegea na lilikuwa chini ya mita 1 kutoka kisimani. Kwetu, mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kusambaa katika mikoa mingi ulitukumbusha kwamba ugonjwa huo haujatuacha.

Isidhaniwe kwamba kuchemsha maji humaliza tatizo. Kuchemsha huua vimelea, lakini hakuondoi naitreti inayotokana na kinyesi na mkojo. Ikizidi katika maji ya kuchanganyia maziwa ya kopo, naitreti huweza kuizuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni ipasavyo.

Maswali manne kabla ya kumwita fundi

*Maji ya ardhini yako kina gani?* Pima wakati wa masika, si kiangazi. Kitako cha shimo la kufyonzea kinapaswa kuwa angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo.

*Udongo hufyonza kwa kasi gani?* Chimba kishimo hadi kina kilichokusudiwa, kijaze maji na uache udongo uloane usiku kucha. Kesho yake tia maji tena, upime muda yanaotumia kushuka sentimita 2.5. Yakishuka kwa muda usiofika dakika 1, udongo hauchuji. Yakichukua zaidi ya dakika 60, hauwezi kupokea majitaka ya nyumba. Sehemu za Unguja zenye mwamba wa matumbawe huhitaji hadhari ya pekee, kwa kuwa maji hupita haraka katika nyufa bila kuchujwa.

*Kisima kiko umbali gani?* Kipimo kinachotumika sana ni mita 30. Lakini tazama: katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, hata kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala hakufiki mita 29. Maana yake ni kwamba uamuzi huu haumhusu mwenye kiwanja peke yake. Kabla ya kuchimba, waulize majirani wa pande zote visima vyao viko wapi.

*Gari la kunyonya litafika?* Karo lisilofikika halitaondolewa tope, na lisipoondolewa tope, siku moja mtu atashawishika kulitapisha mtaani mvua ikinyesha.

Mfumo upi, mahali gani

Penye mtandao wa mabomba ya majitaka, kujiunga ndilo chaguo la kwanza. Pasipo mtandao, kiwanja chenye udongo wa wastani na maji yaliyo mbali chini kinafaa kwa karo la vyumba viwili pamoja na shimo la kufyonzea. Maji yakiwa karibu kidogo na nafasi ikiwepo, afadhali mitaro mifupi kwa kina, yenye kokoto na mabomba yaliyotobolewa, kwa sababu hutawanya maji karibu na uso wa ardhi na kuyaongezea safari ya kuchujwa. Mahali pa bondeni panapofurika, au palipobanana na visima, shimo la kufyonzea halifai kabisa. Hapo huhitajika tangi lililofungwa pande zote, linalonyonywa kila linapojaa. Gharama yake ni kubwa, na ni vema ijulikane kabla ya kununua kiwanja. Yapo pia matangi ya kisasa ya kumeng'enya kinyesi. Ni mazuri yakijengwa vema, lakini maji yake nayo hutoka na vimelea, na hakuna tangi lisilohitaji matunzo milele.

Kuhusu ukubwa, chukua familia ya watu 6, kila mmoja akitoa lita 100 za majitaka kwa siku. Maji ya siku 2 ni lita 1,200. Tope, kwa makisio ya lita 40 kwa mtu kwa mwaka, litafika lita 720 katika miaka 3. Jumla ni lita 1,920, yaani takribani mita 2 za ujazo, ukiongeza nafasi ya hewa juu. Karo kubwa kupita kiasi halihitajiki. Linalohitajika ni karo lisilovuja. Ili kulithibitisha, lijaze maji safi kabla ya kulitumia, liache siku nzima, kisha tazama kama yamepungua.

Hadhari ya mwisho

Asiingie mtu yeyote ndani ya karo, hata lililokwisha kunyonywa. Hewa yake ina gesi zinazoua kwa dakika chache, na mara nyingi anayefuata kuokoa hufa pia. Mfuniko uwe mzito na ufungwe daima, watoto wasije wakaufungua.

Fundi atakapokuahidi karo lisilojaa, muulize swali moja: vinavyoingia humo vinakwenda wapi? Asipokuwa na jibu, tafuta fundi mwingine.