Mbwa Mwongozaji Ndani ya Teksi na Basi: Haki ya Abiria Asiyeona na Wajibu wa Dereva

Waraka huu umeandikwa kwa ajili ya kaya za Birmingham zinazozungumza Kiswahili, na hasa kwa watu wa aina mbili: wenye ndugu asiyeona ambaye husafiri na mbwa mwongozaji, na wanaojipatia riziki kwa kuendesha teksi. Huenda wote wakawa chini ya paa moja. Jambo hili ni la afya kwa sababu iliyo wazi: mgonjwa aliyeachwa kando ya barabara hukosa miadi yake ya kliniki.

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamtaka dereva wa teksi, pamoja na dereva wa gari linaloitwa kwa simu au kwa programu, ampokee abiria asiyeona pamoja na mbwa wake, amwache mbwa akae karibu na mwenyewe safari nzima, na asidai malipo yoyote ya ziada. Hata manyoya yaliyobaki sakafuni hayaongezi nauli. Kampuni inayopokea maombi ya safari nayo hairuhusiwi kukataa ombi kwa sababu ya mbwa. Kukataa ni kosa la jinai, na faini yake yaweza kufika pauni 1,000.

Anayeondolewa wajibu huu ni dereva mwenye cheti cha msamaha tu. Cheti hutolewa na halmashauri iliyompa leseni, kwa sababu za kitabibu zenye ushahidi, kama vile pumu kali, mzio wa mbwa, au woga uliopindukia ambao daktari ameuthibitisha. Tangazo la msamaha lazima libandikwe garini lionekane. Dereva asemaye mdomoni tu kwamba ana mzio, bila cheti, amevunja sheria sawa na yule asiyetoa sababu yoyote.

Dini si sababu ya msamaha, na hapa inafaa tuseme kwa uwazi, maana ndipo penye uzito kwa wasomaji wetu wengi. Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki kwa kawaida hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Idara haitoi fatwa. Lakini wanazuoni wa madhehebu hayo hayo hufundisha kwamba najisi haihami baina ya vitu viwili vikavu, na mbwa mwongozaji hulala sakafuni miguuni pa abiria, wala hapandi kitini. Dereva anaweza kutandika mkeka wa mpira na kuuosha baadaye, mradi gharama hiyo asimtwishe abiria. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulitenga mahali pa mbwa wa kijana Mwislamu asiyeona, ili kijana aweze kuhudhuria sala. Mwenye shaka na amwulize imamu wake kabla ya kushika usukani, si abiria akiwa amesimama kwenye mvua.

Tena kuna hofu ya kawaida, ambayo haina aibu. Wengi wetu tulikulia mahali ambapo mbwa ni mlinzi wa geti au mzururaji wa jalalani, na kuumwa naye kulimaanisha sindano za kichaa cha mbwa. Mbwa wa Uingereza hawana ugonjwa huo. Mbwa mwongozaji, zaidi ya hayo, amefunzwa kwa muda mrefu, na humtambua kwa ule mshipi wenye mpini mgumu ambao mwenyewe huushika. Mshipi ukiwa mgongoni, mbwa yuko kazini: asiitwe, asipapaswe, asipewe chakula. Watoto waelezwe hivyo mapema.

Tangu tarehe 28 Juni 2022 sheria imeongeza wajibu mwingine. Ikiwa safari imeagizwa mapema na dereva amearifiwa kwamba abiria mwenye ulemavu anahitaji msaada wa kulitambua au kulipata gari, ni lazima achukue hatua zinazofaa kumsaidia alitambue gari na kulifikia. Kupiga honi hakutoshi kwa mtu asiyeona. Dereva ashuke, ajitambulishe, kisha aulize ni msaada gani unaotakiwa. Asimshike abiria mkono wala kugusa mshipi wa mbwa pasipo kuombwa.

Kwenye basi, kanuni za mwaka 2002 zinamtaka dereva ampokee abiria mwenye mbwa wa msaada. Treni na tramu nazo humpokea. Anayehitaji kusindikizwa ndani ya kituo kama New Street anaweza kuomba msaada huo kwa kampuni ya treni hata saa mbili kabla ya safari.

Ukikataliwa, usigombane barabarani. Mwombe mtu aliye karibu akusomee namba ya leseni iliyo kwenye kibao cha gari, na mkumbuke mahali, saa, na maneno yaliyosemwa. Rekodi ya simu na ujumbe wa programu vihifadhiwe. Kisha tazameni kibao hicho kimetolewa na halmashauri ipi, jambo ambalo wengi hulipuuza. Magari mengi yanayofanya kazi Birmingham yamepewa leseni na Wolverhampton, na malalamiko hupelekwa kwa halmashauri iliyotoa leseni, si lazima kwa Halmashauri ya Jiji la Birmingham. Halmashauri ndiyo inayoweza kumfikisha dereva mahakamani na kuitafakari upya leseni yake. Anayetaka kudai fidia yeye mwenyewe hufungua shauri katika mahakama ya madai, na muda wake ni miezi sita kasoro siku moja, ukihesabiwa tangu siku aliyokataliwa.