Kulirefusha Gari la Safari: Yanayotokea Ndani ya Chuma

Katika mji wa Arusha zimo karakana ambazo kazi yake kubwa si kuyatengeneza magari yaliyoharibika, bali kuyakata magari mazima. Land Rover au Toyota Land Cruiser huingizwa humo, likavuliwa bodi, chesisi yake ikakatwa kwa msumeno, kipande cha chuma kikatiwa katikati, na vipande vyote vikaunganishwa kwa kulehemu. Paa nalo hukatwa likafanywa kifuniko kinachoinuliwa juu ya nguzo, ili wageni wasimame na kuwatazama wanyama pasipo kushuka. Gari hilo hutoka likiwa refu, na kila abiria ana dirisha lake.

Kazi hiyo ni ya ustadi, na biashara ya utalii ya kaskazini mwa Tanzania imeitegemea kwa miaka mingi. Lakini gari hilohilo litateremka ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu likiwa na watu wanane ndani, na siku ya pili litatikisika mchana kutwa katika barabara za changarawe za Serengeti. Yafaa basi kujua ni kitu gani kilichobadilika ndani ya chuma baada ya msumeno kupita.

Kwanza msomaji afahamu kwamba magari si ya namna moja. Yako yale yaliyojengwa juu ya chesisi, yaani fremu ya feleji iliyo mfano wa ngazi iliyolazwa, yenye boriti mbili ndefu na vipingo kati yake. Chesisi ndiyo inayobeba injini, ekseli na mizigo. Bodi imekaa tu juu yake kama nyumba juu ya msingi. Land Rover ya asili, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, ilikuwa ya namna hiyo, tena bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini kwa sababu feleji ilikuwa adimu nchini humo baada ya vita. Yako pia magari yasiyo na chesisi ya peke yake, ambayo sakafu, nguzo, paa na mabati ya ubavuni vimeunganishwa vikawa kitu kimoja kinachobeba kila kitu. Citroën ya Ufaransa iliuza gari la namna hiyo kwa wingi tangu 1934, na leo karibu magari yote madogo ya mjini, pamoja na mabasi madogo kama Hiace, yamejengwa hivyo.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mwalimu na achukue kasha la kiberiti, atoe kidroo chake cha ndani, kisha alibonye ganda lililobaki kwa vidole katika pembe mbili zinazokabiliana. Ganda hulala upande mara moja. Akikirudisha kidroo, kasha hilohilo hukataa kulala. Au achukue boksi la viatu, alisokote likiwa limefunikwa na kifuniko kimegundishwa, kisha alisokote likiwa wazi. Karatasi ni ileile na uzito ni uleule, ila umbo lililofungwa pande zote hupinga msokoto kwa nguvu nyingi kuliko umbo lililo wazi. Katika gari lisilo na chesisi, paa ndilo kifuniko cha boksi. Mtu alikataye paa la Hiace ili alifanye la kuinuka, kama ilivyo katika mabasi mengi yanayopeleka watalii kwenye mbuga za Kenya, amelifungua boksi. Na asipoweka mbavu za chuma kuuzunguka uwazi huo, milango itaanza kukataa kufungika, vioo vitapasuka pasipo kupigwa, na bodi itapiga kelele katika kila shimo. Dalili hizo hudhaniwa kuwa ni uzee wa gari.

Katika gari lenye chesisi paa halibebi mzigo wa safari, nalo huweza kukatwa pasipo gari kulegea sana. Lakini lina kazi nyingine inayosahauliwa, nayo ni kuilinda nafasi ya kuishi gari linapopinduka. Tangu 1973 sheria za Marekani zilidai kwamba paa la gari dogo lihimili kani iliyo sawa na mara 1.5 ya uzito wa gari lenyewe, na mwaka 2009 kiasi hicho kikapandishwa hadi mara 3 kwa magari yasiyozidi takriban tani 2.7. Kifuniko kinachosimama juu ya vijiti vinne vyembamba hakikukusudiwa kupita mtihani wa namna hiyo.

Turudi kwenye chesisi. Land Rover iliyoitwa 110 ilipata jina hilo kutokana na umbali kati ya ekseli zake mbili, ambao ni inchi 110, yaani milimita 2,794. Chukua mfano wa fundi aliyeongeza sentimita 70 katikati. (Kwa haki, jina nalo lilipasa kubadilishwa!) Umbali sasa ni kama milimita 3,490, yaani umeongezeka kwa robo moja. Chesisi huweza kutazamwa kama boriti iliyoegemezwa ncha zake mbili juu ya ekseli, na mzigo ukiwa katikati. Kwa boriti ya namna hiyo mkazo wa kupinda huongezeka kwa uwiano uleule wa urefu, nao hapa ni robo. Kudidimia kwa boriti, hata hivyo, hufuata kipeo cha tatu cha urefu. Na kipeo cha tatu cha 1.25 ni 1.95. Gari limerefuka kwa robo tu, lakini chesisi yake hudidimia karibu mara mbili chini ya mzigo uleule. Na mzigo wenyewe haubaki uleule, maana gari lilirefushwa ili lichukue watu zaidi.

Asiyesadiki na aegemeze rula ya mita moja juu ya vitabu viwili vilivyoachana sentimita 60, aning'inize mfuko wa mchanga katikati na kupima kudidimia kwake, kisha aviachanishe vitabu hadi sentimita 75 na kupima tena.

Dawa ya jambo hilo inajulikana: boriti huongezwa kimo au hutiwa bamba la pili ubavuni, kwa kuwa ugumu wa boriti hupanda upesi mno kimo chake kinapoongezeka. Karakana nzuri hufanya hivyo. Karakana mbaya hutia kipande chenye kimo kilekile, pengine cha chuma kilichookotwa katika chesisi nyingine, ikakipaka rangi nyeusi na kumkabidhi mwenye gari.

Kisha kuna mshono wenyewe. Kulehemu ni kukiyeyusha chuma mahali pamoja, na sehemu iliyo kando ya mshono hupata moto mkali pasipo kuyeyuka. Huko chembechembe za feleji hubadilika. Kikipoa haraka chuma huwa kigumu na chepesi kuvunjika, na ukingoni mwa mshono hubaki mfereji mdogo ambao ndani yake mkazo hujikusanya. Ndiyo maana mafundi waliofundishwa vema hawakati boriti wima kama mkate. Huikata mshazari, wakafunika kiungo kwa bamba lenye umbo la almasi, ili mshono wote usilale katika mstari mmoja mahali penye mkazo mkubwa. Ndiyo maana pia watengenezaji wa magari hukataza kutoboa matundu au kulehemu katika midomo ya juu na ya chini ya boriti, mahali ambapo mkazo wa kupinda ni mkubwa kupita pote.

Mshono mbaya hauvunjiki siku ya kwanza. Barabara ya changarawe hujifanyia mawimbi mfano wa bati la mgongo. Ikiwa mawimbi yameachana sentimita 70 na gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, magurudumu hupigwa mara 20 hivi kila sekunde, yaani zaidi ya mara 70,000 kwa saa moja. Kila mtu amewahi kukata waya kwa kuupinda huku na huku. Hakuna pindo moja lililoukata, ila jumla ya mapindo. Wataalamu huita jambo hilo uchovu wa metali. Ufa huanza mdogo kuliko unywele, ukatambaa chini ya rangi na matope, na siku ya kuonekana aghalabu ni siku ya kuachana.

Yako mengine yanayofuata urefu. Shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma nayo hurefushwa, na mwendo wa mzunguko ambao shafti huanza kupepesuka kama kamba hushuka kwa kufuata kipeo cha pili cha urefu. Shafti ya mita 1 ikifanywa mita 1.7 mwendo huo hushuka hadi karibu theluthi moja ya ule wa kwanza, isipokuwa ikigawanywa mara mbili na kutiwa beringi ya katikati. Mabomba ya breki huunganishwa. Viti vipya hufungwa kwenye sakafu ya bati jembamba, na hapa hesabu inatisha kidogo: mtu wa kilo 70 akisimamishwa kutoka kilomita 54 kwa saa kwa muda wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, huvuta mkanda kwa wastani wa Nyutoni 10,500, ambao ni zaidi ya uzito wa tani moja. Mkanda hauna faida yoyote ikiwa bolti yake imeshika bati pekee.

Marekani kulikuwa na magari ya fahari yaliyokatwa na kurefushwa kwa ajili ya harusi na sherehe. Julai 2015, huko Cutchogue katika jimbo la New York, gari moja kama hilo liligongwa ubavuni na wanawake wanne kati ya abiria wanane wakafa. Katika magari ya namna hiyo sehemu ya katikati iliyoongezwa ndiyo yenye watu wengi, nayo aghalabu ndiyo isiyo na nguzo wala vizuizi vya ubavuni alivyoviweka mtengenezaji wa kwanza. Oktoba 2018, huko Schoharie katika jimbo hilohilo, Ford Excursion iliyorefushwa ilishindwa kusimama katika mteremko. Dereva, abiria wote 17 na wapita njia wawili walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa breki zilizoharibika na uzembe wa wenye gari, wala si kurefushwa kwenyewe. Hata hivyo wachunguzi waliona pia kwamba viti na mikanda ya abiria havikuwa vya kuwalinda.

Sheria za nchi hazifanani katika jambo hili. Ujerumani, kibali cha gari kutembea barabarani hutenguka lenyewe pindi linapofanyiwa mabadiliko yanayoweza kuwahatarisha watu, hadi mkaguzi alipime upya. Marekani, sheria ya shirikisho humkataza fundi kukiondolea nguvu kifaa chochote cha usalama kilichowekwa kwa mujibu wa kanuni, lakini haimgusi mwenye gari anayelikata mwenyewe nyumbani kwake. Huyo ameachiwa sheria za majimbo. Tanzania ina Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, ambayo hudai gari liwe katika hali isiyo ya hatari. Tena kadi ya usajili imetaja aina ya bodi, idadi ya viti na uzito, na gari lililobadilishwa mambo hayo pasipo msajili kuarifiwa si lile lililoandikwa kwenye kadi. Kampuni ya bima nayo husoma kadi hiyohiyo. Mgogoro aghalabu huanza baada ya ajali, wakati ambapo dereva, ambaye hakukata wala hakulehemu chochote, yuko hospitali.

Ukaguzi wa mshono hauhitaji mitambo ya ghali. Chesisi husuguliwa hadi chuma kionekane, ikapakwa mafuta ya taa na kuachwa kitambo, kisha ikafutwa ikauka kabisa na kupakwa unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hupanda polepole, yakachora juu ya chaki mstari mwembamba wa rangi ya kijivu.