NANI ALILETA UGONJWA WA MBUZI?

Kama unaishi hapa kwetu Busia au kule Malaba, swali hili si geni masikioni mwako. Mbuzi wakianza kufa upande wa Kenya, tunasema ugonjwa umeletwa kutoka Uganda. Ukivuka mpaka ukaongea na watu wa ng'ambo, nao watakwambia umetoka Kenya. Kila mtu ana hakika, lakini hakuna mwenye ushahidi. Katika makala haya nitaeleza jinsi wataalamu wanavyoutafuta ushahidi huo ndani ya virusi vyenyewe, yaani katika jeni zake.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo madaktari wa mifugo huiita PPR kwa kifupi. Mnyama hupata homa kali, hutoa machozi na makamasi, mdomo hujaa vidonda, kisha anakohoa na kuharisha. Katika kundi ambalo halijawahi kuugua wala kuchanjwa, ugonjwa huu waweza kuua hata mbuzi 9 kati ya 10. Binadamu haambukizwi, lakini anaumia mfukoni. Hapa kwetu mbuzi ndiye benki. Sare yangu ya kidato cha kwanza na pesa za chakula cha mchana zilitoka kwa mbuzi wawili wa nyanya, na najua darasani siko peke yangu.

Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1942 huko Kodivaa, Afrika Magharibi. Nchini Kenya ulithibitishwa mwaka 2006 kule Turkana, ambako wenyeji huuita lomoo. Mwaka 2007 ulithibitishwa Karamoja nchini Uganda, na mwaka 2008 kaskazini mwa Tanzania. Ukitazama ramani utaona kwamba Turkana na Karamoja zimepakana, na wafugaji wa huko hufuata nyasi na maji, si alama za mpaka. Je, basi ni Kenya iliyoipa Uganda? La, tusiharakishe. Mwaka wa kuthibitishwa ni mwaka ambao mtu alipima. Ugonjwa wenyewe waweza kuwa ulikaa mahali kwa muda kabla ya kupimwa. Hapo ndipo jeni zinapohitajika.

Maagizo ya virusi vya PPR yameandikwa kwa RNA, na yana herufi karibu 16,000 tu. Sisi binadamu tuna karibu bilioni 3 za DNA. Virusi vinapojinakili, herufi chache hukosewa, na kosa hilo hurithiwa na vizazi vinavyofuata. Mambo ni kama yale ya kazi ya ziada darasani. Mmoja akiandika jibu lenye kosa la ajabu, wa pili akanakili, na wa tatu akanakili kwa wa pili huku akiongeza kosa lake, mwalimu akikusanya madaftari atajua nani alinakili kwa nani, bila hata kuuliza!

Wataalamu hufanya vivyo hivyo. Daktari huchukua majimaji ya macho na pua ya mbuzi kwa kijiti chenye pamba, huyatia ndani ya kisanduku cha barafu na kuyapeleka maabara, kama ile ya serikali iliyoko Kabete. Huko RNA hugeuzwa kuwa DNA, kisha kipande kimoja hunakiliwa mara mamilioni kwa mashine ili kisomeke. Herufi zake hulinganishwa na za virusi kutoka nchi nyingine, na matokeo huchorwa kama mti wa ukoo.

Mti huo umeonyesha kwamba PPR ina koo nne. Ukoo wa kwanza na wa pili ulijulikana zaidi Afrika Magharibi, wa tatu Afrika Mashariki na Uarabuni, na wa nne Asia. Virusi vilivyochukuliwa Kenya mwaka 2011 na kusomwa jeni zote vilikuwa vya ukoo wa tatu. Lakini koo hazikai nyumbani. Ukoo wa nne, ule wa Asia, ulizuka Moroko mwaka 2008, na Tanzania imepatikana na zaidi ya ukoo mmoja. Virusi havina miguu. Vilisafiri na mifugo, na mifugo husafiri na watu.

Jeni pia hutufundisha kwamba macho hudanganya. Kuna chanjo ya ndui ya kondoo na mbuzi iliyotokana na virusi vilivyopatikana kwa kondoo hapa Kenya. Miaka mingi iliaminika ni virusi vya ndui ya kondoo. Jeni zake zilipochunguzwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba ni virusi vya ugonjwa wa mapele ya ngozi ya ng'ombe! Jambo hili si mchezo, kwa sababu chanjo hiyo hiyo ilikuwa ikitumiwa pia kwa ng'ombe.

Labda utauliza, kujua ukoo kutasaidia nini ikiwa mbuzi ameshakufa? Ni swali zuri. Chanjo ya PPR ilitokana na virusi vilivyopatikana Nigeria mwaka 1975, navyo ni vya ukoo wa pili, lakini inakinga dhidi ya koo zote nne. Kwa hivyo hatutafuti ukoo ili tuchague dawa. Tunautafuta ili tujue mlango ambao ugonjwa ulipitia, yaani soko gani na njia gani, ndipo chanjo ipelekwe hapo kwanza.

Mwaka jana, karibu na kwetu, jirani alipoteza mbuzi sita kwa wiki mbili. Alimlaumu shemeji yake wa ng'ambo aliyemuuzia beberu, na hadi leo hawasalimiani. Hakuna aliyemwita daktari. Wengine walizikwa, wengine waliliwa. Hata haijulikani kama ilikuwa PPR au homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo huletwa na bakteria na nayo huwafanya wakohoe na kufa. Huenda shemeji alileta ugonjwa, huenda hakuleta. Ushahidi ulikuwa puani mwa wale mbuzi, nao ulikwenda nao.

Sisi wa mpakani tuna ndugu pande zote mbili, Wateso kwa Wateso, Wasamia kwa Wasamia. Lawama isiyo na ushahidi inavunja undugu na wala haiponyi mbuzi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hivyo mwanafunzi mwenzangu, ukiona mbuzi nyumbani anatoa makamasi na kuharisha, waambie wazazi wamtenge na wamwite daktari wa mifugo angali hai. Wasikimbie kumuuza sokoni. Na wanaonunua mbuzi wasipite njia za panya kukwepa kibali, maana mbuzi asiye na kibali hajakaguliwa na mtu.

Kazi hii inawezekana. Sotoka ya ng'ombe, ndugu wa PPR, ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, na chanjo iliyosaidia sana ilitengenezwa na Walter Plowright hapa hapa Kenya, kule Muguga. Ulimwengu umeweka lengo la kuimaliza PPR kufikia mwaka 2030. Ikibaki, isibaki kwa sababu sisi wa Busia na Malaba tulikuwa tukibishana nani aliileta.