UA KIFUANI, NA MPAGAZI ASIYE NA JINA

Kila ukaribiapo mwezi 11 Novemba, Waingereza wengi hubandika kifuani ua jekundu la karatasi, mfano wa ua la mpopi, kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani. Desturi hiyo ilienea kwao tangu mwaka 1921, na mwaka uliofuata askari waliotoka vitani na vilema wakapewa kazi ya kuyatengeneza maua hayo. Sisi hatuidharau. Aliyefiwa ana haki ya kulia, na kilema aliyepewa kazi ameheshimiwa kuliko aliyetupiwa sadaka.

Lakini twauliza: ua lile humhesabu nani?

Wananchi waendao sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, hulitaja kila siku jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, maana ndiko jina hilo lilikotoka. Wapagazi hao walichukuliwa vijijini, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa chakula na risasi za majeshi, kwa kuwa katika nchi ya mbung'o farasi na nyumbu walikufa njiani. Nao wakafa kwa maelfu na maelfu. Si kwa risasi hasa, bali kwa kuhara, malaria na njaa. Hawakuwa na ugomvi na Kaiser wala na Mfalme George. (Wajerumani nao walifanya yale yale.)

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 yawataja wapagazi katika maandishi yake, tena kwa Kiswahili. Yawataja kwa jumla tu. Jina la mtu halimo.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo kanuni yake ni kuwaheshimu wafu wote sawasawa, ilipokea ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni.

Radhi tumeisikia. Lakini mwezi Januari 2025 huko Cape Town lilifunguliwa kumbusho lenye majina zaidi ya 1,700 ya watumishi wa vita hiyo, wengi wao vibarua Waafrika, yaliyotafutwa katika makaratasi ya zamani. Basi majina hutafutika. Twataka ya wapagazi wetu nayo yatafutwe, yasomwe hadharani pale pale Kariakoo.